Maswali ya Wasomaji: Katuni za Vita ni Ushahidi au ni Dhihaka?

SWALI: Mhariri, katika vitabu vya historia nakutana mara kwa mara na katuni za Napoleon, Hitler na Stalin. Je, zinamsaidia mtu kuelewa uhusiano wa mataifa wakati wa vita, au zilichorwa ili kuchekesha tu?

JIBU: Ndugu msomaji, zinasaidia sana, mradi usizichukulie kama picha za matukio bali kama hukumu ambayo mchoraji aliitoa siku ile, kabla ya kujua mambo yangeishia wapi. Mfano bora ni katuni ya David Low, mzaliwa wa New Zealand, iliyotoka katika gazeti la Evening Standard la London tarehe 20 Septemba 1939. Hitler na Stalin wamevua kofia na wanainamiana kwa adabu zote, huku mmoja akimwita mwenzake takataka ya dunia na mwingine akimjibu kwa kumwita muuaji wa wafanyakazi. Chini, kati yao, imelala maiti ya Poland. Mkataba wao wa kutoshambuliana ulikuwa umetiwa saini tarehe 23 Agosti, na majeshi ya Kisovieti yalikuwa yameingia Poland siku tatu tu kabla ya katuni hiyo kuchapishwa. Low alionyesha kwamba chuki ilikuwa pale pale, imefunikwa kwa heshima za kidiplomasia ili jirani agawanywe, na mwezi Juni 1941 Ujerumani iliuvamia Muungano wa Kisovieti.

Watawala wenyewe hawakuona kwamba huo ulikuwa mzaha mtupu. Lord Halifax, waziri wa serikali ya Uingereza, alipozuru Ujerumani mwaka 1937, Wanazi walimlalamikia kuhusu michoro ya Low, na baadaye mchoraji huyo akaombwa huko Uingereza apunguze makali. Naliona jambo hilo kuwa la aibu kwa serikali iliyojivunia uhuru wa magazeti.

Hata hivyo, katuni hupotosha pia. Mchoraji wa Kiingereza James Gillray, ambaye mwaka 1805 alimchora Waziri Mkuu wa Uingereza Pitt akijikatia bahari na Napoleon akijikatia Ulaya kutoka katika dunia iliyoandaliwa mezani, alizoea kumchora Napoleon kama kijitu kifupi chenye hasira. Kwa kweli kimo chake kilikuwa cha kawaida kwa wanaume wa wakati wake, lakini wengi wanaamini mchoro hadi leo.

Kwa hiyo tazama kwanza tarehe, gazeti, na upande aliokuwapo mchoraji, kisha uulize kama aliwahi kuwagusa watu wa upande wake. Philip Zec wa gazeti la Uingereza la Daily Mirror alimchora mwezi Machi 1942 baharia aliyeng'ang'ania chelezo baharini, juu ya maneno yaliyotangaza kwamba bei ya petroli imepanda kwa peni moja. Serikali ya Churchill iliona imeshutumiwa kwamba inaruhusu watu wanufaike na damu ya mabaharia, ikatishia kulifunga gazeti hilo.