Gesi kupotea si mafuta kuchanganyika

SWALI: Mtaalamu, natia propani kwenye mafuta mazito ndani ya chombo cha maabara, nyuzi 25 za Selisiasi, mgandamizo baa 15. Gesi imepotea yote, lakini sampuli ya juu ni nyepesi kama maji na ya chini inanata kama lami. Kipimo cha mnato kimeharibika, au niongeze propani?

JIBU: Kipimo chako ni kizima. Sampuli zote mbili zinasema kweli.

Kinachonichosha ni imani kwamba gesi ikishapotea, kilichobaki ni kimiminika kimoja. Kwenye nyuzi 25 propani hugeuka kimiminika ikigandamizwa kupita baa 9.5 hivi. Wewe uko baa 15. Mafuta yamenyonya kiasi chake. Ziada imeelea juu, ikiwa imebeba sehemu nyepesi za mafuta. Asfaltini, yaani zile sehemu nzito na nyeusi za mafuta zinazofanana na lami, haziyeyuki kwenye propani, kwa hiyo zimebaki chini na vizito vingine. Viwanda vya kusafisha mafuta hutumia tabia hiyohiyo kwa makusudi kuziondoa.

Ukiongeza propani utazidisha utengano. Kupasha moto nako si dawa: kadiri propani inavyosogelea nyuzi 96.7, ambako kimiminika na mvuke wake havitofautiki tena, ndivyo inavyoshindwa kuyeyusha vizito. Anza upya. Tia propani kidogo kidogo, koroga, acha itulie, kisha chukua sampuli juu na chini bila kuachia mgandamizo, maana ukiuachia propani inachemka na sampuli inageuka povu. Pale zinapoanza kutofautiana, umeupata mpaka wa propani ambayo mafuta yanaweza kunyonya. Usiutafute kwa macho; mafuta haya ni meusi, na mara nyingi kioo hakikuonyeshi kitu.

Sasa wapo wanaofungua vali ya juu tu, wanapima tone jepesi, wanachora mstari mzuri wa mnato unaoshuka na kuuza "kiyeyushi cha ajabu". Wengine hulinganisha modeli ya kompyuta na mgandamizo ambao kiputo cha kwanza hutokea, basi, wameridhika. Kiputo hicho hakisemi lolote kuhusu kimiminika cha pili. Waulize sampuli ya chini iko wapi. Wasipokuwa nayo, usipeleke kiyeyushi chao kwenye kisima cha mafuta: asfaltini wasizozipima zitaganda kwenye vitundu vya mwamba na ndani ya pampu, na kuzitoa humo ni kazi ngumu kuliko kuyeyusha mafuta yenyewe.