Kabla hujaziamini takwimu za hewa ukaa za Uganda

Wewe unayeanza utafiti wa uchumi na mazingira hapa Kampala, huenda umeshachagua mada inayopendwa na wengi: hewa ukaa, pato la taifa na idadi ya watu. Takwimu zake zinapatikana bure na hesabu yake inaonekana nyepesi. Nyepesi mno, kwa maoni yangu.

Anza na safu ya hewa ukaa. Uliza ndani yake kuna nini. Mara nyingi ni kaboni ya petroli, dizeli, gesi, makaa ya mawe na saruji tu. Umeme wetu mwingi unatoka kwenye mto Nile, kuanzia Jinja hadi Karuma yenye megawati 600, kwa hiyo safu hiyo kwetu inasimulia zaidi habari za taksi, malori, bodaboda na viwanda. Gunia la mkaa linalotoka Nakasongola kwenda kwenye sigiri za mjini halimo. Msitu uliofyekwa kupata shamba haumo. Ng'ombe wa Karamoja na methani yao (gesi wanayoitoa wakicheua) hawamo vilevile. Sasa ongezeko la watu wanaopikia kuni na mkaa litaonekana wapi? Kigawo cha idadi ya watu, yaani namba inayopima athari yake kwa hewa ukaa, kikitoka kidogo, usiharakishe kuandika kwamba watu hawana athari. Fungua kwanza takwimu za misitu na kilimo.

Halafu hiyo idadi ya watu yenyewe. Sensa zilifanyika 1991, 2002, 2014 na 2024, na tulipanda kutoka milioni 16.7 hadi 24.2, kisha 34.6, kisha 45.9. Miaka ya katikati ni makadirio, hakuna aliyepita nyumba kwa nyumba. Mstari laini namna hiyo hauwezi kukueleza kwa nini mafuta yalipungua mwaka mmoja na kuongezeka mwaka uliofuata. Ukirudi hadi miaka ya 1970 utakuta uchumi unaporomoka huku watu wakizidi kuongezeka, na kipindi hicho peke yake kinaweza kugeuza matokeo yako yote. Soma historia kabla ya kuilaumu programu ya kompyuta inayokupigia hesabu.

Mlinganyo wa Mjapani Yoichi Kaya (watu, pato kwa kila mtu, nishati kwa pato, kaboni kwa nishati) utumie kuchambua tu. Ukiingiza vyote vinne kwenye rigresheni (hesabu ya takwimu inayopima kila kimoja kinahusiana vipi na hewa ukaa) utapata jibu kamilifu lisilo na maana, kwa sababu vikizidishwa vinarudisha hewa ukaa ileile.

Msimamizi akitaka "nchi zinazoendelea" kwa jumla, bishana naye kwa adabu. Afrika Kusini, inayochoma makaa ya mawe, hutoa takribani tani 6 hadi 7 kwa kila mtu. Sisi hatufiki hata robo tani. Wastani wa nchi hizo mbili hauielezi hata moja. Mpendekezee Ethiopia na Malawi, ambako nako umeme mwingi ni wa maji na chakula kinaiva kwa kuni.