Maswali ya Wasomaji: Kuigeuza Honda CG125 ya Zamani Kuwa Kafe Resa

SWALI: Shikamoo fundi. Baba yangu mkubwa, aliyekuwa bwana shamba hadi alipostaafu, ana Honda CG125 iliyokaa chini ya turubai kwa miaka tisa bila kuwashwa. Injini imekwama na tangi limeshika kutu, lakini yuko tayari kuniuzia kwa shilingi laki nne. Nimevutiwa sana na pikipiki za mtindo wa kafe resa, zenye usukani wa chini na siti fupi, na natamani kuitengeneza iwe hivyo. Je, inafaa? Nianzie wapi? (Msomaji, Moshi)

JIBU: Marahaba, mwanangu. Inafaa, na kwa mtu anayeanza ninaiona bora kuliko zile pikipiki kubwa za silinda nne zinazopendeza pichani. Honda waliitoa CG125 katika miaka ya 1970 kwa ajili ya nchi ambazo pikipiki hubebeshwa mizigo mizito na kufanyiwa matengenezo kwa nadra, na ndiyo sababu valvu zake husukumwa na fito badala ya kuendeshwa na mnyororo wa ndani, ambao hulegea kadiri unavyochakaa. Viwanda vya China viliuiga muundo huo, ukaenea katika pikipiki nyingi za bodaboda, hivyo pistoni, ringi, gasketi na sahani za klachi za aina hiyo hupatikana kwa bei nafuu. Hata hivyo, nenda dukani na kifaa cha zamani mkononi ukilinganishe na kipya, kwa kuwa nakala hizo hazilingani zote kwa vipimo.

Kabla ya kutoa fedha, omba kadi. Linganisha namba ya fremu, iliyogongwa kwenye shingo la usukani, na ile ya injini, kisha hakikisheni mnabadilisha umiliki TRA (Mamlaka ya Mapato Tanzania) wakati baba yako mkubwa bado yupo na anaweza kusaini. Najua ni vigumu kumdai mzee wako karatasi, lakini nimeona kazi ya miezi minane ikiishia kufungiwa stoo kwa sababu mwenye jina kwenye kadi alikwisha fariki na warithi hawakuelewana.

Injini iliyokwama usiilazimishe kwa kiki. Toa plagi, mimina dizeli iliyochanganywa na oili ndani ya silinda, uiache siku mbili au tatu, halafu ingiza gia ya juu na ulitikise gurudumu la nyuma mbele na nyuma taratibu. Mara nyingi ni ringi tu zilizoshikwa na kutu, lakini hata ikiachia, ifungue uangalie, kwa sababu kutu iliyokwangua ukuta wa silinda itaifanya iwe inakula oili na kutoa moshi tangu siku ya kwanza. Kipenyo cha kiwandani ni milimita 56.5, ikiwa silinda imechimbika, itachongwa na kuwekewa pistoni kubwa zaidi, na pistoni hiyo inunuliwe kwanza ili mchongaji afuate kipimo chake. Ukiwa umeshafungua kava la upande wa klachi, safisha pia kile kikombe cha kuchujia oili kilicho mwisho wa krenki, yaani mhimili unaozungushwa na pistoni. Mafundi wengi hukisahau, nacho hujaa tope gumu kama udongo wa mfinyanzi.

Sasa nije kwenye jambo ninalotaka ulishike zaidi: usikate fremu mpaka uwe umeiendesha pikipiki hiyo angalau mwezi mmoja ikiwa katika umbo lake la awali. Mtindo huu ulikua Uingereza katika miaka ya 1950 na 1960, vijana walipokuwa wakikutana kwenye migahawa ya kando ya barabara kama Ace Cafe ya London, iliyofunguliwa mwaka 1938, na kushindana kufikia maili 100 kwa saa, yaani kilomita 160 hivi. Usukani ulishushwa ili mwendeshaji ainame na kupunguza upepo, vikanyagio vikarudishwa nyuma ili magoti yakae vizuri katika mwinamo huo, na kila kisichohitajika kikatolewa ili kupunguza uzito. Wengine walifunga injini ya pikipiki ya Triumph kwenye fremu ya pikipiki ya Norton, wakaiita Triton, kwa kuwa injini ile ilikuwa na nguvu na fremu hii ilitulia kwenye kona. CG yako ina nguvu ya farasi takriban 11 na haitaifikia kasi hiyo, lakini inaweza kuwa nyepesi, yenye breki za kutegemewa na isiyobeba kitu bila sababu, na hilo ndilo linaloipa pikipiki ya namna hii heshima machoni pangu.

Kwa hiyo fedha za kwanza ziende kwenye matairi, beringi za magurudumu na za shingo, viatu vya breki, nyaya na shokapu. Baada ya hapo badilisha vinavyofungwa kwa bolti: usukani, siti, madigadi na taa. Ukishusha usukani, ukunje hadi mwisho pande zote mbili uone kama vidole vinabanwa na tangi au waya wa klachi unavutika, kwa sababu waya mfupi unaweza kuachia klachi wenyewe ukiwa kwenye kona. Ukiona ni lazima kukata mkia wa fremu, ukatwe nyuma ya mahali shokapu zinapofungwa, kamwe si mbele yake, na ncha zilizobaki ziunganishwe kwa bomba lililokunjwa. Pia kadi hutaja rangi ya chombo, hivyo ulizia TRA kabla ya kupuliza rangi mpya.

SWALI: Nilitoa boksi la chujio la hewa kwenye CG yangu nikaweka chujio dogo la wazi ili nafasi chini ya siti ionekane. Sasa inapiga mishindo kwenye ekzosi nikiachia mafuta, na injini inachemka. Tatizo ni nini? (Msomaji, Nakuru)

JIBU: Hewa imezidi petroli. Kabureta ilipangwa ifanye kazi na boksi lile, na ukiliondoa unahitaji jeti (kitundu cha kupimia petroli ndani ya kabureta) kubwa kidogo, ambayo hupatikana kwa kujaribu hatua kwa hatua huku ukikagua rangi ya plagi: nyeupe inaonyesha petroli ni kidogo, nyeusi yenye masizi inaonyesha imezidi, na kahawia ndiyo inayotakiwa. Kagua pia kama hewa inapenya kwenye kiungo cha kabureta na silinda. Lakini ushauri wangu wa dhati ni kulirudisha boksi. Vumbi la barabara zetu hupita kwenye machujio hafifu na kusaga ringi, na nafasi hiyo tupu haistahili gharama ya ovaholi.

SWALI: Tangi langu lina tundu dogo chini. Fundi anasema nilete alichomelee, kwa kuwa halijawekwa petroli kwa miaka mingi. (Msomaji, Tanga)

JIBU: Usimruhusu alichomelee likiwa hivyo. Petroli hujificha ndani ya kutu na kwenye mishono, na mvuke wake unaweza kulipuka kwa moto wa kuchomelea hata kama tangi linaonekana kavu kabisa. Kwanza ondoa kutu: tia nati chache na siki, litikise, uliache usiku kucha, kisha suuza kwa maji yenye magadi na ulikaushe juani. Tundu likiwa dogo kama la sindano, lizibe kwa gundi ya sehemu mbili inayostahimili petroli. Likiwa kubwa zaidi, au bati la pembeni likibonyea kwa kidole, tafuta tangi jingine.