Maswali na majibu: Sensa za injini, ubadilishe mwenyewe?

Fundi, shikamoo. Toyota IST yangu ikishapata moto barabarani inazima ghafla. Nikiiacha ipoe, inawaka kama kawaida. Mashine ya kusoma hitilafu imetoa kodi (namba ya hitilafu) P0335. Hiyo sensa naweza kuibadilisha nyumbani? (Msomaji, Mbagala)

Marahaba. P0335 inahusu saketi ya sensa ya krenki, ile inayosoma mzunguko wa shafti kuu ya injini. Ishara yake ikipotea, kompyuta haijui wakati wa kurusha cheche wala kumwaga petroli, basi inakata. Koili iliyochoka ndani ya sensa huachia kwenye joto na kushika tena ikipoa, kwa hiyo dalili zako zinaelekea huko. Ila soma vizuri: kodi inataja saketi, na saketi ina waya na plagi pia. Panya wa Dar wanapenda waya za magari kuliko mahindi.

Pima sensa kwa mita ya umeme, ikiwa kwenye ohm, pale pale gari linapozima, sensa ingali moto. Isiposoma chochote, halafu ikasoma ikishapoa, umeshampata mkosaji. Kuipima asubuhi ikiwa baridi ni kujidanganya.

Kubadilisha si kazi kubwa. Sensa iko chini, jirani na puli ya krenki, na imeshikwa na bolti moja ya spana namba 10. Acha injini ipoe, toa waya hasi wa betri. Ukiinua gari, weka stendi. Usiingie chini kwa kutegemea jeki. Bonyeza kifungio cha plagi, usivute waya. Sensa ikigoma, izungushe kulia na kushoto taratibu, maana ukiichokonoa kwa bisibisi ncha inaweza kukatikia ndani. Mpya ipake oili kidogo kwenye pete ya mpira, ikae mpaka mwisho kwa mkono, ndipo ufunge bolti. Kaza kiasi tu, uzi ule uko kwenye alumini.

Ninunue mpya au ya mtumba?

Kwa sensa ya krenki, mtumba halisi kutoka injini kama yako ni bora kuliko mpya ya bandia kwenye boksi linalong'aa. Nenda dukani na ile ya zamani mkononi, linganisha namba ya spea na umbo la plagi. Sensa ya oksijeni usinunue mtumba: huchakaa kwa kutumika, na hujui imekula moshi wa miaka mingapi.

Kodi ni P0171. Fundi wa mtaani ameniambia ninunue sensa ya oksijeni. (Msomaji, Morogoro)

Mjumbe hauawi. P0171 maana yake mchanganyiko una hewa nyingi kuliko petroli, na sensa ya oksijeni ndiyo iliyotoa taarifa. Tafuta kwanza mpira wa hewa uliopasuka baada ya chujio, vipaipu vya vakyumu vilivyochomoka, pampu ya petroli iliyochoka. Kisha chomoa sensa ya hewa iliyo karibu na boksi la chujio, uipulizie dawa yake maalumu. Dawa ya kabureta hapana, na waya mwembamba wa ndani usiuguse hata kwa pamba. Iache ikauke kabisa kabla ya kuirudisha.

Asubuhi gari gumu kuwaka na linanuka petroli. Nashuku sensa ya joto la maji.

Hiyo unaipima jikoni. Ifungue injini ikiwa baridi, maji yatamwagika kidogo. Tumbukiza ncha tu kwenye sufuria ya maji, plagi ibaki kavu, mita ikiwa kwenye ohm. Kwenye Toyota nyingi, maji ya nyuzi 20 yatakupa kati ya ohm 2,000 na 3,000, na kwenye nyuzi 80 zitashuka hadi kama 300. Isiposhuka, tupa. Ukishafunga mpya, jaza maji ya rejeta na utoe hewa.

Nimebadilisha sensa, taa ya injini kwenye dashibodi bado inawaka.

Futa kodi kwa mashine. Ikirudi ileile, rudi kwenye waya.