Tibakemia kwa mama mwenye saratani ya kifuko cha nyongo

SWALI: Shikamoo daktari. Mama yetu, mwenye umri wa miaka 61, amegundulika kuwa na saratani ya kifuko cha nyongo ambayo imekwisha kufika kwenye ini. Tumeambiwa kwamba upasuaji hauwezekani tena, na badala yake tumeshauriwa aanze tibakemia ya kupunguza makali. Dada zangu wanaona kuwa tutamwongezea mateso bure. Je, tukubali? – Msomaji, Tanga

JIBU: Marahaba, na poleni sana nyote mnaomuuguza.

Saratani ikishafika hapo, dawa hizi haziiondoi. Kazi yake ni kuichelewesha na kumpunguzia mgonjwa maumivu, ili siku alizonazo aziishi akiwa na nguvu kiasi. Hata hivyo, si kweli kwamba ni mateso ya bure. Katika utafiti uliofanyika Delhi, India, na kuchapishwa mwaka 2010, wagonjwa 81 wa saratani hii hii waligawanywa makundi: nusu ya waliopewa dawa mbili za tibakemia, gemsitabini pamoja na oksaliplatini, waliishi zaidi ya miezi 9.5, ilhali kwa waliopewa huduma ya kutuliza dalili peke yake ilikuwa miezi 4.5. Mwaka huo huo, utafiti wa Uingereza wenye wagonjwa 410 wa saratani za njia ya nyongo ulionyesha kuwa gemsitabini ikichanganywa na sisplatini huwafikisha nusu ya wagonjwa miezi 11.7, dhidi ya 8.1 kwa gemsitabini pekee. Tangu hapo mchanganyiko huo ndio unaofikiriwa kwanza. Siku hizi huongezewa dawa ya kuamsha kinga ya mwili, kama vile durvalumabu. Faida yake ya ziada kwa wagonjwa wengi ni ndogo na bei yake ni kubwa mno, kwa hiyo sishauri familia iuze shamba kwa ajili yake.

Kabla ya dripu ya kwanza, mtazameni mama macho. Yakiwa ya manjano, mkojo ukafanana na chai ya rangi, na usiku akawa halali kwa kujikuna, huenda njia ya nyongo imeziba, na inafaa izibuliwe kwanza kwa kuwekewa mrija mdogo, kwa sababu ini lililolemewa na nyongo hushindwa kuzihimili dawa. Kuzibua huko peke yake humpa mgonjwa nafuu kubwa, nami husikitika ninapoona kumesahaulika. Figo nazo zipimwe, maana sisplatini huziumiza. Zikiwa dhaifu, oksaliplatini huweza kuchukua nafasi yake, ingawa huleta ganzi vidoleni na mgonjwa hushtuka akigusa maji baridi.

Dripu ya gemsitabini na sisplatini hutolewa siku ya 1 na ya 8, kisha mama hupumzika hadi mzunguko mpya uanze siku ya 22. Kichefuchefu kina dawa zake, nazo hupewa mapema, si mpaka atapike. Akipata homa ya nyuzi 38 au kutetemeka kwa baridi, mpelekeni hospitali saa hiyo hiyo, hata kama ni usiku wa manane. Baada ya mizunguko mitatu au minne hupigwa picha upya: uvimbe ukiwa umetulia, mnaendelea, ukiwa umekua, au mama akiwa hawezi tena kuinuka kitandani, kuacha ni uamuzi wa kitabibu ulio sahihi, na wala hakuna atakayekuwa amemtelekeza.

Sasa niseme jambo ambalo barua yako haikuligusa. Umeniandikia maoni ya dada zako na ya daktari wenu, lakini sikuona mahali ambapo mama mwenyewe ameulizwa. Mwelezeni hali yake kwa upole, mmsikilize. Awe amekubali tibakemia au ameikataa, ombeni tangu leo aonwe na wahudumu wa tiba shufaa, yaani huduma ya kutuliza maumivu na dalili nyingine. Maumivu yakiwa makali, wanaweza kumwandikia mofini ya maji, ambayo hunywewa kila baada ya saa 4 bila kusubiri maumivu yarudi, pamoja na dawa ya kulainisha choo.