Barua kwa mwanangu kabla hajajifungua

Mwanangu mpenzi,

Umeniuliza kama yale uliyotendewa ulipokuwa ukikaa kwa jamaa yetu mjini kwa ajili ya shule yatakuandama hadi uzeeni, na kama nawe utakuja kumpiga mtoto unayemtarajia kama ulivyopigwa kwa waya wa pasi.

Sitakuficha. Mwaka 1998 madaktari Vincent Felitti na Robert Anda, wa Marekani, walichapisha utafiti wa watu wazima zaidi ya 9,000 wa California, na waliopitia aina nne au zaidi za mateso na misukosuko ya nyumbani utotoni walionekana kukabiliwa na hatari ya ulevi, dawa za kulevya, sonona na kujaribu kujiua mara 4 hadi 12 kuliko wasiopitia hata moja. Hesabu hizo ni za umati, mwanangu, wala hazimtaji mtu kwa jina. Na wengi walioteswa hawawatesi watoto wao.

Huko kisiwa cha Kauai, Hawaii, mwanasaikolojia Emmy Werner aliwafuatilia watoto 698 waliozaliwa mwaka 1955 mpaka wakawa watu wazima. Miongoni mwa waliokulia katika dhiki nzito, kama theluthi moja walitengemaa, na jambo lililojitokeza sana kwao ni kuwa na mtu mzima angalau mmoja wa kumtegemea, ambaye mara nyingine hakuwa mzazi bali bibi au shangazi. Niliposoma hayo nilimwona bibi yako wa Muheza, aliyekupaka mafuta ya nazi mgongoni kila jioni bila kukuuliza neno, mpaka siku uliyoanza kusimulia mwenyewe.

Mtu huyo alipaswa kuwa mimi. Uliponieleza mara ya kwanza, kwa simu ya jirani, nilikwambia uvumilie mpaka mtihani upite, kwa sababu niliogopa kuvunja undugu (undugu gani, najiuliza leo). Usinisamehe kwa adabu tu.

Mweleze mumeo, na ukienda kliniki mwambie muuguzi kuhusu usiku unaokosa usingizi. Nitafika wiki mbili kabla ya siku zako, na nitakaa hadi arobaini ipite. Mtoto akilia usiku nawe ukahisi mkono unakuwasha, niamshe, hata kama ni mara ya kumi.

Mama yako