Ikaribishe jumuiya nyumbani kwako

Shangazi, tulihamia Dar es Salaam kutoka Bukoba kwa sababu ya kazi ya mume wangu, na hapa hatuna ndugu. Kila mtu anakula kwa saa yake, na Jumapili tunarudi kutoka Misa bila kufahamiana na yeyote. Nimeshauriwa nijiunge na kwaya na WAWATA, chama cha wanawake Wakatoliki, lakini mume wangu anasema nitaihama nyumba. Nifanyeje? – Mama wa Watatu, Kimara

Mwanangu, pole kwa upweke huo. Manung'uniko ya mume wako yana hoja, kwa maana wapo akina mama wanaoshinda kanisani kila jioni huku watoto wao wakilala bila kuulizwa habari za shule, na sipendi uwe mmoja wao.

Anza na jumuiya ndogo ndogo ya mtaani kwenu, yaani kikundi cha familia za Wakatoliki majirani wanaosali pamoja. Maaskofu wa AMECEA, umoja wa mabaraza ya maaskofu Katoliki wa Afrika Mashariki, walipokutana Nairobi mwaka 1976, walizipa jumuiya hizo kipaumbele katika uchungaji, wakitaka Kanisa liishi katika ujirani, mahali ambapo watu wanajuana kwa majina na kwa shida zao. Kwako wewe faida yake kubwa ni kwamba sala huzunguka nyumba kwa nyumba, kwa hiyo utapata ndugu bila kuwaacha wa kwako.

Mwombe mwenyekiti akupangie zamu siku ambayo mume wako hayuko kazini, na umweleze mume wako mapema, kwa upole, kwamba unamhitaji siku hiyo kama mwenye nyumba wa kuwapokea wageni. Mtoto mkubwa asome Injili, wa kati agawe vitabu vya nyimbo, na mdogo atandike mkeka na kuweka msalaba na mshumaa juu ya stuli. Chai ya rangi inatosha. Usikope ili upike pilau. Wageni wakiondoka, kaeni nyote mle pamoja kabla hamjatawanyika.

Sikilizeni vizuri matangazo, kwa kuwa hapo ndipo hutajwa mgonjwa au mfiwa. Nendeni kumwona mkiwa watano, hata kama mtatoa mchango mdogo, kwa sababu familia iliyokwenda pamoja kumpa pole jirani hurudi na jambo la kuzungumza.

Migogoro ya ndani ya ndoa usiifikishe kwenye jumuiya. Hiyo mpelekee paroko, faraghani. Kuhusu kwaya na WAWATA, subiri hadi wewe na mume wako mkubaliane ni jioni zipi utakuwa nje.